Mkia wa Landrova ya Mzee Halinga

Jumapili, katikati ya Julai 2014
Mpemba, Tunduma

Baridi. Upepo umeanza alfajiri na mpaka jioni hii haujachoka, unapiga mabati na kusomba vumbi la malori kutoka barabara kuu hadi kwenye kikombe changu cha chai. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika. Lakini nina raha. Niseme hivyo mapema, kwa sababu yatakayofuata ni habari ya msiba, na msomaji anaweza kudhani nimekaa hapa nalia. Nililia jana kidogo. Leo nina raha, na sioni haya kuisema.

Landrova imetembea.

Haikutembea nilikopanga, wala haikuwa katika hali niliyoipanga. Lakini imepanda na kushuka, imezimika mara moja tu, tena kwa pupa yangu, na imeturudisha nyumbani mimi na Baba bila kuvutwa na mtu. Walioniambia itaishia kuwa banda la kuku waje wanywe chai yangu yenye vumbi.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni muuza spea za magari hapa mpakani. Mwaka huu mvua zilipokatika nilinunua Landrova ya zamani, ile ndefu, ya 109, kwa mama mmoja mjane wa Ihanda aitwaye Mama Halinga. Mumewe, Mzee Halinga, alikuwa mkulima wa kahawa, na gari lilikuwa lake tangu serikali ilipoliuza. Watu waliuliza kama nimerogwa. Mume wangu, ambaye muda huu yuko na lori lake njia ya Kongo, alicheka kwenye simu hadi salio likamwishia. Wote walitaka ninunue kigari cha Kijapani chenye redio na kiyoyozi. Spea za vigari hivyo nauza kila siku, na najua kwa nini zinanunuliwa kila siku.

Sababu yangu ni Baba. Baba alikuwa dereva wa ofisi ya kilimo pale Vwawa, na maisha yake yote ya kazi aliendesha Landrova ya namna hii, akiwapeleka mabwana shamba bondeni hadi Kamsamba. Sasa presha ya macho imemfikisha pabaya. Anaona mwanga na kivuli, basi, na daktari alishatuambia hata huo mwanga hautakaa. Nikaapa kwamba kabla haujazimika, Baba atapanda Landrova iliyo kama ilivyotoka kiwandani, kila kitu kiwe pale pale mkono wake ulipokiacha, na nitampeleka hadi ukingoni, pale barabara ya Kamsamba inapoanza kuteremka, bonde zima likiwa mbele yake na mwanga wake wote.

Nilimwambia safari ya kwanza ni yake. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Kilichonichelewesha ni marehemu Mzee Halinga, ambaye hakuna kitu alichokipata akakiacha kilivyo. Injini ya petroli aliing'oa akaweka ya dizeli ya kilori. Taa alizitoa akaweka za trekta. Kiti cha dereva kilikuwa nusu ya kochi la sebuleni, lenye maua. Yale madirisha madogo yaliyo chini ya kioo cha mbele, ya kuingizia upepo, aliyaziba kwa bati na lami. Fimbo ya gia aliipinda ipishane na hilo kochi, kiasi kwamba kuingiza gia ya pili ilibidi uwe kama unamtafuta mtu chini ya kiti.

Na alikuwa ameongeza mkia.

Mkia ndivyo nilivyouita. Bodi ya Landrova ni ya alumini, lakini kwa nyuma mzee alikuwa ameunga kipande cha bati la chuma, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kikashikwa kwa misumari ya ribiti, kisha mlango ukasogezwa nyuma. Sakafuni alichomelea vyuma viwili sambamba vyenye roli ndogo, ili mzigo uteleze wenyewe ukisukumwa. Kila upande kulikuwa na pete za kufungia kamba, na benchi jembamba la mbao.

Sasa mimi nimezaliwa mpakani. Mtu wa mpakani akiona gari limeongezwa sehemu hahitaji kuuliza. Nimekua nikiona mafuta, sukari na kahawa vikivuka usiku kwenye magari yenye sakafu mbili na matangi matatu. Nikautazama mkia ule, nikaona madumu ya petroli yakiteleza kwenye zile roli, mlango unafungwa, mzee anaondoa gari. Nikaandika hapa hapa mwezi uliopita, nikamwita marehemu bingwa wa njia za panya. Mlicheka sana, na mimi nikajiona mpelelezi.

Siku ya kukabidhiwa funguo Mama Halinga alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayeuza kitu.

"Gari ni lako, mwanangu," alisema. "Ila huo mkia usiukate upesi. Ngojangoja kwanza."

Nikaitikia ndiyo mama, kama tunavyowaitikia wakubwa, nikijua moyoni kwamba anamsitiri mumewe. Nikawasha gari nikaondoka.

Na hapo niandike jambo ambalo sikuliandika wakati ule kwa sababu nililiona la kujisifu. Nilipokuwa natoka Ihanda siku ile, watu walisimama. Wanaume waliokuwa wamekaa nje ya duka waliinuka wakavua kofia. Mwenye baiskeli alishuka. Mama mmoja aliyekuwa analima alisimamisha jembe akainamisha kichwa. Nikawaza, hawa watu wanajua gari. Na wanajua mwanamke anayeliweza. Niliwapungia mkono njia nzima, na pale kwenye duka nikawapigia honi mara mbili.

Mniache kidogo. Nitarudi hapo.

Miezi iliyofuata nilifanya kazi, na kazi yangu naisifia bila kuombwa. Injini ya petroli ya asili niliipata Nakonde kwa mzee aliyekuwa anaitumia kuendeshea mashine ya kusaga. Tulibadilishana, nikampa ile ya dizeli, na sasa Wazambia wa mtaa ule wanakula nshima, ugali wao, uliosagwa na Mzee Halinga. Fimbo ya gia niliinyoosha. Kile kirungu chekundu na kile cha njano, vya kuingiza magurudumu yote manne kazini, nilivitafuta hadi nikavipata vyenyewe, ingawa Baba hataona rangi. Madirisha madogo niliyachokonoa lami kwa bisibisi na mafuta ya taa hadi vibawa vyake vikacheza. Kochi lenye maua liko kibarazani na paka ndiye anayelimiliki.

Gari nililifunika turubai ili Baba asilisogelee kabla ya siku yake. Kazi bure. Anakaa kibarazani na masikio yake hayana presha. Siku ya kwanza injini ilipowaka nilikuwa nacheza uani peke yangu, yeye akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba plagi moja haichomi. Nikaangalia. Kweli.

Ikabaki kazi moja ya kukata mkia.

Jana Jumamosi asubuhi akaja Ba Mulenga, fundi bodi wa Nakonde, mtu mpole mwenye mikono kama koleo. Alishusha mlango wa nyuma akauegemeza ukutani. Akaanza kung'oa ribiti za upande wa kulia, moja moja, kwa patasi, bila haraka. Alipomaliza upande ule, bati la mkia likawa linaning'inia na kugongagonga kwa upepo. Nikawaona watu wawili wamesimama getini.

Mmoja nilimfahamu. Ezekia, mtoto wa mdogo wake Mzee Halinga, mtu mzima wa miaka kama yangu, ndiye aliyesimamia mauziano. Alikuwa na mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni. Ezekia ameshika tawi bichi. Niliwakaribisha, wakakaa. Macho ya Ezekia yalikuwa kwenye lile bati linalogonga.

"Mama Neema, mnaukata?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, nalirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani. Nilisema kwa majivuno, nadhani hata nilitabasamu.

"Tumekuja kwa ajili ya gari," akasema. "Mama mkubwa hatunaye tena. Amefariki jana. Yuko hospitali Vwawa, tunataka kumleta nyumbani."

Nilishtuka, nikawapa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli maana yule mama nilimpenda. Lakini bado sikuelewa. Nikamwambia Ezekia kwamba hapo Vwawa magari ya kukodi hayakosekani, na hili langu liko wazi kama anavyoliona. Yule mama wa kanga akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mjini akishika jembe kichwa chini.

Ezekia hakukasirika. Alieleza taratibu, na naandika alivyosema.

"Mama, kwetu wote wanarudi na hii. Mzee alipofiwa na mama yake, alimchukua yeye mwenyewe pale hospitali. Jeneza likazidi, mlango haukufunga. Bibi akaja nyumbani mlango uko wazi, vumbi lote la barabara juu yake. Mzee akalia sana kwa hilo vumbi. Akasema halitampata mtu mwingine wa Ihanda. Wiki ileile akaongeza hapo nyuma."

Zile roli ni za jeneza. Zile pete ni za mikanda ya kulishikilia. Na yale mabenchi, niliyodhani ni ya vijana wa kushusha madumu, ni ya wanawake wanaosindikiza.

Niliuliza kwa nini Mama Halinga hakuniambia. Nilikuwa najua jibu kabla sijamaliza kuuliza. Yule mama wa kanga ndiye aliyejibu.

"Nani angelinunua?"

Watu wa Ihanda waliinuka na kuvua kofia siku ile kwa sababu walidhani nimebeba mtu.

Na mimi nikawapungia mkono. Nikawapigia honi.

Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Namshukuru Mungu mimi si mtu wa kukaa na aibu muda mrefu, kwa sababu kulikuwa na kazi. Nilipiga hesabu upesi. Injini haijawahi kupanda kilima tangu iache kusaga mahindi. Mkia umefumuliwa upande mmoja. Na ndani ya nyumba yuko mtu niliyemwahidi safari ya kwanza, mtu ambaye kila asubuhi anageuza uso dirishani kupima kama mwanga bado upo. Nilijua kabisa kwamba nikilipeleka gari hili msibani, kuna uwezekano likafia njiani na Baba asilipande kabisa mwaka huu. Na mwakani atakuwa gizani.

Nikaingia ndani kumwambia. Nikamkuta amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Koti lake la kazi, lile la zamani, alishalivaa.

"Nimesikia," akasema. "Nipe fimbo. Nitakaa mbele."

"Baba, hii si safari niliyokuahidi."

"Ulisema safari ya kwanza. Hukusema ya kwenda wapi." Akainuka. "Na wewe hujawahi kubeba mzigo wa namna hiyo. Mimi nimebeba. Twende."

Hapo ndipo nililia. Kidogo.

Nilipotoka nje Ba Mulenga alikuwa tayari ameokota bati analishikilia na goti. Hakusubiri niseme. "Awe, mukwai," alisema, na kwa Kibemba chake Awe ni hapana na mayo ni mama, "huyu mayo hawezi kwenda mlango wazi." Akapigilia ribiti mpya upande wote, akarudisha mlango, akaufungua na kuufunga hadi akaridhika na mlio wake. Chakula hakutaka. Malipo alisema tutaongea siku ya kazi. Ezekia akalifunga lile tawi kwenye bampa.

Tukaondoka kuelekea Vwawa, Baba mbele.

Sijui nitaielezaje ile sehemu. Miezi yote niliwaza atakavyokaa, atakavyopapasa, nitakavyomtazama. Haikuwa hivyo hata kidogo, kwa sababu macho yangu yalikuwa barabarani, malori yananipita kwa fujo na nyuma yangu kuna watu wawili wenye msiba. Niliona kwa pembeni tu. Mkono wake ulikwenda mbele moja kwa moja, chini ya kioo, ukakamata kitasa cha dirisha dogo, ukakisukuma. Upepo wa baridi ukatupiga wote usoni. Baba akacheka kwa sauti, ndani ya gari linalokwenda kuchukua maiti, na hakuna aliyemkatalia.

Kutoka hospitali Baba alikuwa mtu mwingine. Mama Halinga aliteleza kwenye zile roli bila kugongwa popote, akafungwa mikanda, wanawake wakakaa kwenye mabenchi wakaanza nyimbo. Mlango ukafungwa. Baba akageuza kichwa kusikiliza ule mlio wa mlango, akaitikia kwa kichwa kama bosi aliyeletewa kazi safi.

Tulipoacha lami kuingia njia ya kijijini, niliachia klachi kwa pupa na injini ikazimika. Nyimbo hazikukatika. Baba aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye fimbo ya gia, akangoja nitulie.

"Washa. Sasa chekundu, rudisha nyuma. Polepole. Usimtikise mama."

Tukapanda kile kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Injini ya mashine ya kusaga iliimba bila kukohoa, na mimi nilikuwa nayaamini masikio ya Baba kuliko mikono yangu. Kando ya njia watu walikuwa wamesimama. Kofia mikononi. Baiskeli zimelazwa. Safari hii nilitazama mbele, na nilielewa kwamba heshima ile haikuwa yangu.

Mama Halinga alifika kwake bila chembe ya vumbi.

Tulilala Ihanda. Leo mchana tumemzika kando ya mumewe, kwenye ukingo wa shamba la kahawa. Wakati wa kuaga, Ezekia alinikabidhi kwa wazee mmoja mmoja kama mtu anayetambulisha mkwe. Kila mmoja aliomba namba yangu ya simu, na kila mmoja aliiingiza kwenye simu yake mbele yangu, taratibu, akihakikisha. Hakuna aliyeniuliza kama nitakubali. Nami sikuuliza watanipigia kwa ajili ya nini. Yule mama wa kanga alinishika bega akasema, "Siku ile ulitupungia mkono," kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka naye. Kwa hiyo wote wanajua. Sawa.

Kuhusu niliyoyaandika mwezi uliopita: nayaacha yalivyo, ili mjue nilivyo. Lakini Mzee Halinga hakuwa mtu wa magendo, na naomba mliocheka na mimi mnisaidie kulifuta hilo.

Tumefika nyumbani saa moja iliyopita. Baba hakutaka kuingia ndani. Akataka nimshike kiwiko alizunguke gari. Alianzia kwenye madigadi ya mbele, kiganja kimelala kwenye bati, akapita kwenye taa, akasimama hapo, akaguna kwa kuridhika. Akapita mlango, bawaba, kitasa. Kila kitu alikitaja jina kimoyomoyo, niliona midomo inacheza. Nilikuwa na fahari, nisifiche. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Kisha akafika mahali ambapo gari lilipaswa kwisha. Kiganja kikapita juu ya zile ribiti mpya za Ba Mulenga, kikaingia kwenye chuma, kikaendelea.

"Hapa si kiwandani," akasema.

"Si kiwandani, Baba. Ni Ihanda."

Akapapasa hadi mwisho. Akarudi hadi kwenye ribiti. Akaweka kiwiko chake hapo na kunyoosha mkono, ncha za vidole zikafika pembeni ya mlango. Baba ni mrefu sana, kule ofisini walikuwa wanamwita Mlingoti. Alibaki hivyo kwa muda, anapima.

"Pazuri," akasema. "Hata mimi nitatosha humu."

Akaomba chai, akaingia ndani.

Mimi nimebaki hapa nje na upepo. Kesho Ba Mulenga anakuja, na badala ya patasi nimemwambia alete bomba la rangi. Mkia utapakwa kijani sawa na bodi yote, na mabenchi nitayabadilisha mbao. Lakini Ihanda na wangoje kidogo na simu zao. Wiki hii hii, mwanga ungalipo, nampeleka Baba ukingoni mwa bonde. Akiwa amekaa mbele.